Mchele Wetu na Unga wa Mkamba

Nimepita Emali mara nisizoweza kuzihesabu. Nimepita nikiwa mtoto katika treni ya usiku iliyokuwa ikitoka Mombasa jioni, na wakati huo Emali ilikuwa ni taa mbili tatu dirishani na sauti ya mtu akigonga chuma gizani. Nimepita nikiwa kijana ndani ya mabasi, yakisimama hapo kidogo abiria wapate kujinyosha na kununua vitunguu na nyanya zinazoteremshwa kutoka Kimana na Loitokitok. Nimepita nikiwa mtu mzima na gari langu, nikatia mafuta, nikaswali adhuhuri, nikaondoka. Lakini kufika Emali, kwa maana ya kufika kwa mtu, nilifika mara ya kwanza mwaka huu, na nilikwenda kutoa rambirambi.

Aliyefariki ni mwanamke aliyefanya kazi nyumbani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, tangu mwaka 1963 hata mwaka 1984. Mimi nilizaliwa mwaka huo huo aliokuja. Ndiye aliyenibeba mgongoni, ndiye aliyenipeleka chuoni asubuhi na kuningoja mlangoni kwa maalim mpaka nitoke, na nilipougua surua ndiye aliyekesha. Jina lake silitaji, kwa kuwa jamaa zake hawakunipa ruhusa ya kulitia gazetini, nami sikuona haya ya kuwaomba. Lakini yafaa msomaji ajue tangu mwanzo kwamba hata ningepewa ruhusa, mpaka siku ile nisingeweza kulitaja kwa sababu sikulijua. Nyumbani tulimwita Mkamba. "Mkamba, lete maji." "Mkamba yuko wapi?" Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mkali. Alimwita hivyo kwa upole, na Mkamba akaitika kwa upole, na miaka ishirini na mmoja ikapita.

Nilikwenda kwa treni ya asubuhi, ile ya reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 na inayosimama vituo vya njiani. Nilikata tikiti ya daraja la kawaida, si kwa unyenyekevu, bali kwa kuwa ile ya juu ilikuwa imekwisha. Njia nzima nikawa nafikiri juu ya tikiti. Kila Desemba mama alikuwa akimkatia Mkamba tikiti ya kwenda kwao Krismasi, na ilikuwa ya daraja la tatu. Sisi tulipokwenda Nairobi kwa ami yetu tulipanda la pili. Sikumbuki kama kuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Hata mimi, niliyekuwa mtoto wa maswali mengi mpaka maalim akanipa jina la "Kwanini", hilo sikuliuliza.

Jibu lenyewe ni la zamani kuliko mama. Reli hii ilipojengwa na Waingereza, kazi iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, mabehewa yake yalikuja na ngazi ndani yake. Kwa desturi iliyokuwa na nguvu kama sheria, daraja la kwanza lilikuwa la Mzungu, la pili la Mhindi na Mwarabu, la tatu la Mwafrika. Na ngazi hiyo haikubaki garini. Katika kazi za serikali mishahara ilikuwa na safu tatu kwa rangi tatu. Mwaka 1948 tume ya Holmes ilikuja na rai kwamba asiyekuwa Mzungu, hata akifanya kazi ile ile kwa cheti kile kile, apewe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Ikawa hivyo mpaka tume ya Lidbury ya mwaka 1954 iliposema mpango huo ukomeshwe. Hebu fikiri: mtu amekaa ofisini akapiga hesabu, akaona Mwafrika au Mhindi ni tatu ya tano, wala si nusu wala si robo tatu.

Wakoloni wameondoka mwaka 1963, na Mkamba akaja kwetu mwaka 1963. Bendera ilishuka na tikiti ya daraja la tatu ikakatwa, na aliyeikata ni mama yangu.

Binti yake alinipokea stesheni. Ni mwalimu aliyestaafu, mama wa makamo, mwenye macho ya marehemu kiasi kwamba nilimtambua kabla hajasema neno. Aliniamkia kwa adabu, akanitazama kidogo, kisha akasema: "Kwa hiyo wewe ndiye yule mtoto wa Mombasa." Nikasema ndiye. Akasema: "Mimi nilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi mitano mama alipokuja kwenu. Nilikuwa nimeanza kutembea. Nyanya ananiambia nilimfuata mpaka kwenye njia."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayesema treni ilichelewa. Nami katika miaka yangu sitini na zaidi nilikuwa najua kwamba Mkamba alikuwa na mtoto kwao, kama nilivyokuwa najua kwamba bahari ina samaki, lakini sikuwahi kuziweka tarehe mbili pamoja, yake na yangu.

Nyumba yao iko nje kidogo ya mji, ukiipa mgongo barabara kuu. Emali ya leo si ile ya taa mbili tatu. Ni mji wa malori, wa hoteli zisizolala, wa soko la mifugo ambapo Mmasai wa Kajiado na Mkamba wa Makueni hupatana bei kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha vijana wetu wa Mombasa. Misikiti ipo, na maduka ya Wasomali, na kidogo mbele kwenye reli kuna stesheni ya Sultan Hamud, iliyopewa jina la Sultani wetu wa Unguja, Hamoud bin Mohammed, alipofika kutazama ujenzi wa reli mwaka 1898. Nilikuwa nikijivunia jina hilo kila nilipolipita. Jina la sultani wa pwani limekaa bara zaidi ya miaka mia na kila mtu analijua, na jina la mwanamke wa bara limekaa pwani miaka ishirini na mmoja ndani ya nyumba moja, na hakuna aliyeliuliza.

Kaka yake marehemu alikuwa ameketi chini ya mti. Ni mzee aliyezaliwa mwaka 1938, hasikii vizuri sikio moja, lakini ukimfuata sikio jingine ana kumbukumbu kuliko kitabu. Baada ya salamu na dua, kila mmoja kwa dini yake, nilimuuliza swali ambalo lingenipasa kulijua tangu utotoni: ilikuwaje dada yake akaja Mombasa?

Akanijibu: "Kwa sababu ya ng'ombe."

Nikadhani hakusikia. Alisikia.

Ukoo wao, akasema, ulikuwa milimani Iveti, karibu na Machakos. Nami hapa naongeza niliyoyasoma baadaye, ili msomaji apate habari kamili. Serikali ya kikoloni iliwafungia Wakamba ndani ya mpaka wa eneo lao, na ardhi za pembeni walizokuwa wakilishia ama zikapewa walowezi au zikafungwa. Mifugo ikabanana, udongo ukachakaa. Ndipo mwaka 1938 serikali ikasema kosa ni la Mkamba, ana ng'ombe wengi mno, na ikaanza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa. Ilitokea, kwa bahati nzuri ya wengine, kwamba huko Athi River kilikuwa kimekwisha fungulika kiwanda cha nyama cha Liebig chenye haja ya ng'ombe wa bei ya chini. Mlowezi aliyekuwa na malisho ng'ambo ya mpaka hakuja mtu kumhesabia ng'ombe.

Wakamba hawakushika silaha. Mwishoni mwa Julai 1938 watu zaidi ya elfu moja, wanaume kwa wanawake na watoto, walikwenda Nairobi, wakapiga kambi wiki kadhaa, wakisema wanataka kumwona Gavana. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu. Serikali ilipata hofu, maana polisi na askari wake wengi walikuwa Wakamba, na kabla mwaka haujaisha ililegeza mpango wa kunyang'anya ng'ombe. Lakini Muindi Mbingu mwenyewe ilimkamata na kumpeleka uhamishoni. Akapelekwa wapi? Lamu.

"Baba alikwenda Nairobi pamoja nao," akasema mzee. "Mama alikuwa na mimi tumboni. Aliporudi ng'ombe walikuwa wamekwisha kwenda. Baada ya Vita vya Pili serikali ikafungua pori la Makueni, ikasema wenye kutaka wahamie. Tukahamia. Palikuwa na mbung'o na faru. Tukafyeka, tukalima, na mwaka 1961 ikaja njaa ya ndege."

Njaa ya ndege ndiyo ile iliyofuata ukame, kisha mvua kubwa zikakata barabara, na chakula kikawa kinadondoshwa kutoka angani. Baada ya hapo nyumba haikuwa na kitu. Wavulana wakaenda jeshini, wasichana wakateremka pwani kutafuta kazi za majumbani. Dada yake akapata kwetu.

Na nchi ilipokuwa yetu wenyewe, hesabu ile haikufutwa. Waraka wa Serikali nambari 10 wa mwaka 1965, ule uliozungumza juu ya ujamaa wa Kiafrika, ulisema fedha za maendeleo zitiwe mahali penye ardhi ya rutuba na mvua na reli, ili nchi nzima ifaidike baadaye. Reli ilipita Emali, lakini mvua haikupita. Sehemu zilizokuwa zimependelewa zikaendelea kupendelewa, na zile kavu, tangu Ukambani mpaka Mandera, zikaambiwa zingoje. Aliyetunga waraka ule hakuandika mahali popote kwamba anamchukia mtu. Hilo ndilo linalonisumbua. Mkoloni angalau alipaka rangi milango, hii ya huyu na hii ya yule. Waliomfuata waliiacha milango mahali ilipo na kufuta rangi tu.

Mchele na unga

Sasa nirudi pwani, maana ni rahisi mno kumaliza wino kwa kumlaumu Mwingereza.

Sisi watu wa pwani tulikuwa na daraja letu kwenye ile ngazi, na tuligombana sana juu yake. Sheria za kikoloni zilipoeleza maana ya "mwenyeji," mtu wa kutozwa kodi ya kichwa na kuwekewa amri za wenyeji, zilisema ni Mwafrika asiyekuwa na asili ya Ulaya wala Asia, na zikaongeza kwamba Mswahili na Msomali wamo. Mwarabu hakuwamo. Basi watu wa Mombasa walioishi mtaa mmoja, walioswali safu moja, walioozana tangu enzi za Wareno, wakajikuta baadhi ni wenyeji na baadhi si wenyeji. Wasomali walipigania kutolewa, wakapata sheria yao mwaka 1919. Watu wa Thenashara Taifa nao walipigania. Chama cha Afro-Asian cha Mombasa kiliundwa mwaka 1927 kwa sababu hiyo, na mzozo ule ameueleza marehemu Hyder Kindy katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu maisha na siasa za Mombasa. Zilitumwa barua, zikaonyeshwa shajara za nasaba, watu wakanuniana misikitini. Mpaka miaka ya 1950 ndipo walipotiwa katika daftari la wapiga kura wa Kiarabu.

Ukisoma habari zile utaona jambo moja. Wengi walipigania kupanda daraja moja. Waliopigania ngazi ivunjwe walikuwa wachache, na hawakupendwa.

Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa akitusimulia habari za mgao wa chakula wakati wa Vita vya Pili. Mchele ulikuwa adimu. Walioandikwa Waarabu na Wahindi walipata mchele, na walioandikwa Waafrika walipata unga wa mahindi. Sisi tuliandikwa Waarabu, kwa nasaba ambayo ukiichunguza sana, bibi mwenyewe alisema akicheka, ina maji mengi kuliko maziwa. Jirani yake mlango wa pili, mwanamke wa Thenashara Taifa aliyemfundisha kupika wali, alirudi na unga. "Nikamwonea huruma," alikuwa akisema bibi. Tulikuwa watoto, tukaipenda hadithi ile kwa sababu ilionyesha huruma ya bibi. Hakuna aliyeuliza kama alimgawia mchele.

Na sasa, msomaji, nilete lililonitoa Mombasa mpaka Emali na kunikaa moyoni njia nzima. Nyumbani kwetu, miaka ishirini baada ya mgao kwisha, sisi tulikula wali na Mkamba akala sima. Mama alisema Wakamba hawapendi wali. Alikula jikoni, kwenye sahani yake ya bati yenye ukingo wa buluu, na alikuwa na kikombe chake cha bati kilichoning'inizwa kwenye msumari wake peke yake. Tulipofua, nguo zake zilifuliwa mwisho. Alilala kwenye kijichumba cha stoo. Mambo haya hayakuwekwa kwa amri. Yalikuwako tu, kama ukuta.

Lugha yetu nayo ilitusaidia. Mtu mwenye adabu tunasema ameistaarabika, na neno lenyewe linasema wazi amefanana na nani. Asiyekuwa hivyo ni mshenzi, na mshenzi, katika kinywa cha wazee wetu, alikuwa mtu wa bara. Mtoto hafundishwi dharau darasani. Hufundishwa kuhesabu, kusoma Juzuu Amma, kuvaa kanzu, na dharau inakuja na maneno, bure, kama nyongeza ya mwenye duka.

Tena tulikuwa na dini iliyokwisha kulikataza jambo hili. Kila mwenye kuhudhuria Ijumaa amesikia habari ya Abu Dharr, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie, alipomtukana mtu kwa asili ya mama yake, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamkaripia kwamba bado ana ujahili ndani yake. Waadhi wetu hupenda kuisimulia. Lakini wengi wao husimulia nusu. Hadithi ile ile inaendelea na habari ya watumishi, kwamba ni ndugu zenu, mtu amlishe aliye chini ya mkono wake katika kile anachokula mwenyewe, na amvishe katika kile anachovaa. Chakula kimetajwa waziwazi. Nimekaa misikitini miaka mingi na nusu hiyo ya pili nimeisikia mara chache, na sidhani ni kwa kusahau. Nusu ya kwanza yahusu Wazungu na makaburu, ya pili yahusu jiko la msikilizaji.

Najua watakaokasirika. Watasema mpwani naye ameonewa: ardhi ya ukanda wa pwani ilichukuliwa, hati zikaandikwa majina ya watu wasiojulikana, kazi za bandarini zikaenda kwa wengine, na Muislamu akaulizwa mara tatu analoulizwa mwenzake mara moja. Yote hayo ni kweli, na nilikuwa na yangu mwenyewe, ambayo nilimweleza mzee pale chini ya mti, kwa nia, nakiri, ya kupunguza deni.

Nilimwambia habari za mwanangu wa kiume. Alipotimiza miaka kumi na minane alikwenda kuomba kitambulisho katika ofisi moja ya serikali, jina lake siitaji. Kwa sababu ya jina lake na sura yake alitengwa foleni nyingine. Akatakiwa alete cheti cha kuzaliwa cha baba, kisha cha babu, kisha aketi mbele ya kamati ya wazee ambao hakuna hata mmoja aliyetujua. Babu yangu amezikwa Mombasa na babu yake amezikwa Mombasa. Ilichukua miezi kumi na minne. Wasomali wamepata makubwa zaidi: mwishoni mwa mwaka 1989 serikali iliwachuja nchi nzima, ikawapa kadi za rangi ya waridi, raia wakatenganishwa na raia kwa kabila. Mchujo wa namna hiyo uliendelea kaskazini na sehemu za pwani mpaka Februari 2025, Rais William Ruto alipotangaza huko Kaskazini Mashariki kwamba umeondolewa.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, mkono sikioni. Mjukuu wake aliyekaa karibu nasi, kijana wa miaka ishirini hivi, alionekana kushangaa kweli. Akasema: "Mimi nilikwenda nikatoa cheti changu na kitambulisho cha mama, wakanipiga picha, nikaambiwa nirudi mwezi ujao. Kwani wengine wanaulizwa nini?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na kopo dogo la chuma, bapa, lenye kishikizo cha kamba. Ndani hamkuwa na kitu. Ni kopo la kipande cha baba yake. Tangu mwaka 1920 hivi kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka kumi na sita alilazimika kuchukua karatasi ya alama za vidole na habari za waajiri wake, na wengi waliitia katika kopo kama hilo na kulivaa shingoni. Asiyekuwa nalo alishtakiwa. Mwaka 1947 ilipotungwa sheria kwamba watu wa rangi zote waandikishwe kwa alama za vidole, Wazungu walipiga kelele mpaka wakaruhusiwa wenye kujua kuandika watie sahihi badala yake.

"Sisi tulivishwa bila kuomba," akasema mzee, akanipa nilishike. "Nyinyi mnaomba hamvishwi. Huyu mjukuu wangu hajui hata kama kuna swali." Akamtazama kijana, tena akanitazama mimi. "Na wewe ulipokuwa mdogo hukujua kama kuna swali."

Nililishika lile kopo. Ni jepesi. Nikataka kusema kwamba nilikuwa mtoto, lakini yule mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, na yeye pia alikuwa mtoto.

Alikuja kutuita chakula. Njiani aliniuliza, kwa sauti ya kawaida: "Mlikuwa mkimwita nani?"

Msomaji, ningeweza kusema uongo. Ningeweza kusema tulimwita Mama, na kwa hakika mara moja mbili usiku wa homa nilimwita hivyo. Nikamwambia kweli. Hakukasirika. Alisimama, akalitamka jina la mama yake, majina yote matatu, polepole, kama walimu wanavyomtamkia mtoto mgeni darasani, akangoja. Nikalirudia. Nilikosea la kati. Akanisahihisha, nikalirudia tena.

Mezani palikuwa na muthokoi, na wali, na kuku. Kabla sijagusa kitu akaniambia nisiwe na wasiwasi: kuku amechinjwa na Muislamu, jirani yao Msomali mwenye duka, aliyeitwa asubuhi makusudi, na sufuria ni mpya, haijapikiwa kitu nisichokula. Watu waliofiwa, wenye wageni arubaini uani, walikuwa wamekumbuka kununua sufuria kwa ajili ya mtu mmoja wa Mombasa. Sahani zilikuwa za aina moja, zote nyeupe. Nilizitazama zote.

Nikauliza kama marehemu alipenda wali.

"Sana," akasema mwalimu. "Desemba akija, ndicho alichokuwa akitupikia. Wali wa nazi, nazi anazibeba kutoka huko. Alisema amejifunza kwa kutazama."

Nilipokuwa naondoka mzee alinisindikiza mpaka penye njia, polepole na fimbo yake. Tulisimama pale ambapo, kwa nilivyoelewa, mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitano alirudishwa. Nilidhani ataniambia neno juu ya dada yake, lakini yeye alikuwa na haja nyingine. Aliniuliza kama nina jamaa Lamu. Nikasema ninao, kwa upande wa mama. Akasema baba yake mpaka kufa alikuwa akiuliza Muindi Mbingu alikaa nyumba gani kule, na alikula nini, na kama watu wa huko walimsalimia. "Wewe ni mtu wa gazeti," akasema. "Uliza wazee. Labda yuko mtu anayekumbuka."

Nimekwisha mwandikia mjomba wangu mmoja wa Langoni. Amejibu kwamba yeye hajapata kusikia habari hiyo, lakini ataulizia.